Mafua jijini Nairobi: mwongozo kamili wa kuyaelewa, kuyatuliza na kuyakinga

Mafua huisha yenyewe ndani ya siku 7 hadi 10, unywe dawa usinywe. Hakuna kidonge wala sindano inayoua virusi vya mafua ya kawaida, si Kenya, si kwingineko. Anayelijua hilo huokoa pesa nyingi zinazoachwa kwenye maduka ya dawa kila mwaka kuanzia Juni hadi Agosti. Kinachobaki ni kumsaidia mgonjwa apumue, anywe na alale vizuri wakati mwili wake unapigana, na kutambua mapema pale ambapo ugonjwa si mafua tena. Hili la mwisho ndilo linalookoa maisha, hasa ya watoto wadogo, kwa hiyo tumelipa nafasi kubwa kuliko dawa.

Mafua hutoka wapi

Virusi vinavyoleta mafua ni zaidi ya 200. Vinavyoongoza ni rainovirusi, na hivyo peke yake vina aina zaidi ya 160. Ukipona aina moja, mwili hujifunza hiyo moja tu. Nyingine zote bado ni ngeni kwake. Ndiyo maana mpaka leo hakuna chanjo ya mafua ya kawaida, na ndiyo maana mtu mzima mwenye afya njema hupata mafua mara 2 au 3 kwa mwaka. Mtoto mdogo hupata mara 6 hadi 8, hata zaidi akianza deikea au PP1 (mwaka wa kwanza wa chekechea). Mzazi anayelalamika kuwa mtoto "kila mwezi ana mafua" kwa kawaida ana mtoto mzima kabisa. Kinga yake inasomeshwa.

Virusi husafiri kwa njia mbili. Ya kwanza ni hewa: matone na chembe ndogo zinazotoka mtu akikohoa, akipiga chafya au hata akiongea. Ya pili ni mkono. Mgonjwa hupangusa pua, hushika chuma cha kujishikilia ndani ya matatu, wewe unakishika, halafu unajikuna jicho. Rainovirusi huweza kubaki hai mkononi kwa saa kadhaa, na kwenye chuma au plastiki kwa muda mrefu zaidi. Mlango wake ni pua na macho. Mdomo hauhusiki sana, kwa hiyo kumwonya mtoto asiweke vidole mdomoni ni sawa, ila pua na macho ndiyo ya kulindwa kwanza.

Je, baridi huleta mafua? Bila kirusi hakuna mafua, hata unyeshewe kutoka Kawangware hadi Kencom. Lakini baridi si kisingizio kitupu. Rainovirusi huzaana vizuri zaidi kwenye nyuzi 33 hivi, joto la ndani ya pua inayovuta hewa baridi, na pua iliyopoa hujilinda kwa uzembe. Katika jaribio lililofanywa Cardiff mwaka 2005, watu 90 walitumbukiza miguu kwenye maji baridi kwa dakika 20, na wengine 90 hawakuguswa na maji. Ndani ya siku 4 au 5, waliosema wana mafua walikuwa wengi zaidi miongoni mwa walioloweka miguu. Shosho anayekuambia uvae soksi hajakosea sana.

Hata hivyo, Nairobi kinachofanya kazi kubwa zaidi ni madirisha. Jiji liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai huwa baridi kweli. Kila mtu anafunga dirisha: kwenye matatu, darasani, ofisini, kwenye chumba kimoja cha kupanga wanamolala watu watano. Hewa ile ile inavutwa na kutolewa tena na tena.

Siku kwa siku

Kuanzia kuambukizwa hadi dalili kutokea ni siku 1 hadi 3. Kwanza koo huwasha na kukauka. Siku ya 2 na ya 3 pua hutiririka maji mepesi, chafya hazikomi, kichwa kinakuwa kizito. Hapo ndipo unaambukiza wengine zaidi. Siku ya 4 au ya 5 kamasi huwa zito na hubadilika rangi kuwa njano au kijani. Watu wengi hukimbilia antibiotiki siku hiyo, na ndipo kosa lilipo: rangi ya kijani hutokana na chembe nyeupe za damu zilizokuja kupigana, na hutokea hata pale ambapo hakuna bakteria yeyote. Kufikia siku ya 7 mwili unaanza kuwa mwepesi. Kikohozi ndicho hukawia. Kinaweza kubaki wiki 2 au 3 ilhali mengine yote yameisha, ila kikipita wiki 2 fuata ushauri wa aya ya mwisho.

Mwendo wa kutia shaka ni huu: ulianza kupata nafuu, kisha siku ya 6 au ya 7 joto linapanda upya na uso unauma upande mmoja, juu ya meno au chini ya jicho. Au siku 10 zimepita na hakuna lililobadilika hata kidogo. Hapo huenda bakteria wameingia kwenye sainasi, yaani nafasi za hewa ndani ya mifupa inayozunguka pua, au sikioni kwa mtoto, na inafaa kuonana na daktari au klinikoofisa.

Je, ni mafua kweli?

Influenza, yaani flu, huja ghafla. Asubuhi uko kazini, jioni huwezi kuinuka: joto linapita nyuzi 38.5, misuli na mgongo vinauma, na makamasi ni machache ukilinganisha na maumivu. Korona siku hizi mara nyingi hufanana na mafua kabisa. Mwenye mzee au mgonjwa wa kisukari nyumbani ana sababu ya kupima.

Mzio hauleti joto. Pua na macho vinawasha, kamasi ni jepesi kama maji wiki baada ya wiki, chafya huja kwa mfululizo asubuhi au ukipita penye vumbi. Mafua yanayodumu mwezi mzima si mafua.

Malaria haianzi na makamasi. Nairobi kwenyewe maambukizi ni machache, lakini mtu aliyetoka Kisumu, Siaya, Busia, Homa Bay au Pwani wiki chache zilizopita kisha akapata joto na kutetemeka, apimwe damu siku hiyo hiyo, hata kama pia anapiga chafya. Surua nayo huanza kama mafua makali: pua, kikohozi, macho mekundu, joto la juu, kisha upele unaoanzia usoni. Mtoto ambaye hajachanjwa na ana macho mekundu asipelekwe deikea eti "tungoje ionekane."

Kuhesabu pumzi za mtoto

Hiki ndicho kipimo muhimu kuliko vyote katika mwongozo huu. Hakihitaji chochote ila simu yenye saa, na ndicho wahudumu wa afya wanachotumia kutafuta nimonia kwa mtoto wa chini ya miaka 5 mwenye kikohozi.

1. Safisha pua ya mtoto kwanza, maana pua iliyoziba hubadilisha upumuaji. Njia iko hapa chini.
2. Subiri atulie. Asiwe analia, ananyonya wala anakimbiakimbia. Akiwa amelala usingizi ni vizuri zaidi.
3. Pandisha fulana hadi kifua na tumbo vyote vionekane. Washa taa.
4. Hesabu kila mara tumbo au kifua kinapopanda, kwa dakika 1 kamili. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa 4. Mtoto mchanga hupumua kwa vipindi, na hesabu ya mkato hudanganya.
5. Ukishamaliza, usishushe fulana bado. Angalia mbavu za chini anapovuta pumzi. Zikibonyea ndani badala ya kutanuka, hiyo ni dalili mbaya bila kujali idadi uliyopata.

Pumzi ni za haraka mno zikifika 60 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa chini ya miezi 2 (rudia kuhesabu kuhakikisha), 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 12, na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5. Ukipata idadi hiyo, mpeleke kituo cha afya leo, si kesho asubuhi.

Kuna dalili zisizohitaji kuhesabu. Mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea na haamki vizuri, midomo ina rangi ya buluu, au anatoa sauti ya kukoroma akivuta pumzi ilhali ametulia: nenda moja kwa moja hospitali, iwe Mama Lucy Kibaki, Mbagathi au iliyo karibu. Namba za dharura ni 999 na 112. Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi pia ni wa kwenda hospitali hata kama anaonekana mchangamfu.

Kwa mtu mzima, angalia pumzi inayomkatikia kabla hajamaliza sentensi, kifua kinachochoma akivuta hewa, kukohoa damu, kuchanganyikiwa, au joto la juu linalozidi siku 3. Mjamzito, mzee, mwenye pumu, kisukari, ugonjwa wa moyo, selimundu, au anayeishi na virusi vya UKIMWI asingoje hadi azidiwe.

Kufungua pua kwa maji ya chumvi

Maji ya chumvi ni rahisi kuliko dawa yoyote ya pua na hayana madhara yakitengenezwa sawasawa. Chemsha nusu lita ya maji. Yakishatokota kwa nguvu, yaache yaendelee dakika 1; kwa anayeishi Limuru, ambako ni zaidi ya mita 2,000 juu, dakika 3, kwa sababu kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyotokota kabla hayajapata moto wa kutosha. Tia chumvi ya mezani robo tatu ya kijiko cha chai, iliyosawazishwa kwa kisu, si ya kilima. Koroga, funika, acha yapoe hadi yawe vuguvugu. Yatumie ndani ya saa 24 kisha mwaga yanayobaki.

Usiruke hatua ya kuchemsha, hata maji yanapoonekana safi. Maji ya mtungi kutoka kwa mwuzaji, ya kisima au hata ya mfereji yanaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo huvimudu ila pua haivimudu. Yakikuchoma puani, mara nyingi chumvi ni kidogo mno au ni nyingi mno.

Mtu mzima achukue bomba la sindano la ml 10 au 20 lisilo na sindano, ainame juu ya sinki, ageuze kichwa upande, afungue mdomo apumulie hapo, kisha asukume maji taratibu kwenye tundu la juu. Yatatokea tundu la pili. Baadaye apenge kamasi, tundu moja kwa wakati, kwa upole. Kupenga kwa nguvu huku umeziba yote mawili husukuma kamasi hadi masikioni.

Kwa mtoto mchanga: mlaze chali, weka matone 2 au 3 kila tundu, ngoja dakika moja. Chukua kipira cha kufyonzea kamasi, kibinye kabla hakijaingia puani, ingiza ncha kidogo tu, kisha kiachie. Wengi hukibinya kikiwa tayari ndani, na kamasi linasukumwa nyuma. Fanya kabla ya kunyonya na kabla ya kulala. Zaidi ya mara 4 kwa siku pua huvimba. Kioshe kwa maji moto na sabuni kila mara, ndani pia. Mtoto mwenye pua iliyoziba hawezi kunyonya na kupumua kwa pamoja, kwa hiyo anaachia ziwa na kulia. Mama hudhani amekataa maziwa. Akisafishwa pua, hunyonya.

Vinywaji, asali na usingizi

Kunywa mpaka mkojo uwe wa rangi hafifu. Chai ya tangawizi, uji wa wimbi wenye ndimu, supu ya mifupa au ya kuku, maji moto: vyote vinafaa. Maziwa hayaongezi makamasi, licha ya yanayosemwa. Hufanya tu mate yawe mazito mdomoni kwa muda. Anayenyonya aongezewe ziwa, vipindi vifupi vya mara kwa mara.

Ile dawa ya tangawizi, ndimu na asali inayouzwa mikahawani ni rahisi kuitengeneza nyumbani: parua kipande cha tangawizi cha ukubwa wa kidole gumba, chemsha kwa vikombe 2 vya maji dakika 10, epua, kamulia nusu ndimu, kisha tia asali ikishapoa kiasi cha kunyweka. Haiui virusi. Hutuliza koo na kulegeza kamasi, na hiyo ni kazi ya kutosha.

Asali peke yake ni bora kuliko sharubati nyingi za kikohozi, hasa kikohozi cha usiku cha watoto. Mtoto wa mwaka 1 hadi 5 apewe nusu kijiko cha chai kabla ya kulala, wa miaka 6 hadi 11 kijiko kimoja, mkubwa vijiko 2. Chini ya mwaka 1 marufuku kabisa, hata ya kulambishwa kidoleni, kwa sababu asali huweza kubeba vijidudu vya botulizimu ambavyo utumbo wa mtoto mchanga hauwezi kuvizuia. Nunua kwa mtu unayemwamini. Sukari iliyochemshwa ikauzwa kama asali ni jambo la kawaida barabarani.

Koo likiuma, sukutua na nusu kijiko cha chai cha chumvi ndani ya glasi ya maji vuguvugu, mara 3 au 4 kwa siku, kisha tema. Ni kwa wenye miaka 6 kwenda juu. Usiku inua kichwa kwa mto wa pili. Mtoto mchanga asiwekewe mto.

Dawa za maumivu, kwa vipimo

Parasetamoli inatosha kwa watu wengi. Mtu mzima hunywa vidonge 2 vya mg 500 kila baada ya saa 6, na asizidi vidonge 8 katika saa 24. Mwembamba wa chini ya kilo 50, mwenye ugonjwa wa ini au mnywaji wa kila siku apunguze, na aulize kwanza.

Mtoto hupimiwa kwa uzito: mg 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila saa 6, si zaidi ya mara 4 kwa siku. Sharubati nyingi madukani ina mg 120 katika ml 5. Kwa hiyo mtoto wa kilo 8 anahitaji ml 3.5 hadi 5, wa kilo 12 ml 5 hadi 7.5. Soma chupa kila unaponunua, kwa sababu zipo zenye nguvu zaidi, na chupa inayofanana na ya mwezi uliopita inaweza kuwa na kipimo mara mbili. Pima kwa bomba au kikombe kilichokuja nayo. Kijiko cha jikoni hakina kipimo kimoja. Mtoto wa chini ya miezi 3 asipewe bila kuonwa na mhudumu wa afya. Na kama joto ni nyuzi 38 tu na mtoto anacheza, hahitaji dawa.

Kosa linaloharibu maini ni hili: mtu anakunywa vidonge vya mafua vya mchanganyiko, kisha anaongeza Panadol kwa sababu kichwa bado kinauma. Vyote viwili vina parasetamoli. Geuza boksi usome viambato. Hapo hapo angalia kama kuna aspirini, ambayo imo kwenye baadhi ya vidonge vya maumivu vinavyouzwa mmoja mmoja kioskini. Aspirini haifai kwa aliye chini ya miaka 16 mwenye ugonjwa wa virusi. Huweza kuharibu ini na ubongo.

Ibuprofeni husaidia maumivu, ila inywewe baada ya kula, na iepukwe na mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, au pumu inayochochewa nayo.

Kwenye duka la dawa

Matone ya kuzibua pua yenye oksimetazolini au zailometazolini hufanya kazi ndani ya dakika chache. Yasizidi siku 5. Ukiyaendeleza, pua huyazoea na kuziba vibaya zaidi kila yanapoisha nguvu, na mtu anajikuta ana chupa mfukoni mwaka mzima. Hayafai watoto wa chini ya miaka 6. Vidonge vyenye sudoefedrini hupandisha presha. Vile vya fenilefrini ya kumeza ni pesa bure: mwaka 2023 jopo linaloishauri mamlaka ya dawa ya Marekani lilikubaliana kwa kauli moja kwamba havizibui pua.

Piriton na dawa nyingine za mzio za aina yake hukausha pua kidogo na kulaza sana. Dereva wa boda na mwendesha mashine wasinywe kabla ya kazi.

Sharubati za mafua na kikohozi hazifai watoto wa chini ya miaka 6; faida haijathibitika na madhara yapo. Zenye kodeini zisikaribie mtoto kabisa. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo baada ya makumi ya watoto kufariki Gambia kutokana na sharubati zilizochafuliwa kwa kemikali inayoharibu figo. Nunua kwenye duka lenye leseni ya Bodi ya Dawa na Sumu iliyobandikwa ukutani, na uweke boksi lenye namba ya toleo mpaka mgonjwa apone.

Antibiotiki: usinunue. Amoksilini, Septrin na nyinginezo huua bakteria, na mafua si bakteria. Kununua vidonge vinne "vya kukata homa" bila cheti cha daktari kunakuachia kuhara, ukurutu au fangasi mdomoni, na kunafunza bakteria wa mwilini kuzizoea dawa hizo. Siku utakayopata nimonia ya kweli utazihitaji zifanye kazi. Mhudumu akikuambia huhitaji antibiotiki wala sindano, amekupa matibabu sahihi. Usihamie kliniki ya jirani kutafuta anayekubali.

Zinki ya kumung'unya, ikianzwa ndani ya saa 24 za kwanza, huenda ikapunguza muda wa mafua, ila ushahidi si imara na huacha ladha ya chuma na kichefuchefu. Vitamini C ukiianza baada ya kuugua haisaidii kwa uhakika. Anayeitumia kila siku mwaka mzima hupunguza urefu wa mafua kwa karibu asilimia 8, yaani chini ya siku moja. Kula mapera, ambayo yana vitamini C nyingi kuliko machungwa, na sukuma wiki isiyopikwa ikaiva kupita kiasi.

Yanayodhuru kuliko mafua

Kujifukiza kwa mvuke wa mkaratusi humpa mtu mzima nafuu ya muda mfupi, na haijathibitika kufupisha ugonjwa. Tatizo ni sufuria ya maji moto chini ya blanketi. Watoto huungua uso, kifua na mapaja kwa njia hii. Mtoto asifukizwe. Mkubwa aweke beseni mezani, si mapajani, maji yaliyopoa dakika chache, bila blanketi, dakika 10 zinatosha.

Jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa huua. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi. Dalili zake za kwanza, kichwa kuuma na kichefuchefu, watu huzidhania mafua. Ukiona nyumba nzima inaumwa kichwa na wote wanapata nafuu wakitoka nje, toa jiko, fungua mlango, na mpeleke hospitali aliyelegea. Makaa yaliyobaki mekundu bila moshi ndiyo hatari zaidi, maana yanaonekana salama.

Kukata kilimi cha mtoto kwa ajili ya kikohozi kisichoisha huleta kutokwa damu na pepopunda, na hakujawahi kutibu kikohozi.

Kinga inayofaa Nairobi

Fungua dirisha la matatu, hata sentimita chache, hata jirani akinuna. Kaa upande wa dirisha ukiweza. Nyumbani fungua asubuhi dakika 15 pande mbili zinazoelekeana ili hewa ipite.

Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20: ukifika nyumbani, baada ya kupokea chenji kwa makanga, kabla ya kumshika mtoto. Sanitaiza yenye alkoholi asilimia 60 au zaidi ni bora kuliko kukosa, lakini rainovirusi haina ganda la mafuta kama la virusi vya korona, kwa hiyo alkoholi haiivunji kwa urahisi. Maji huiondoa.

Kwenye ploti ambapo mfereji ni mmoja au maji ni ya kununua, kibuyu chirizi, yaani mtungi wa kunawia unaoinamishwa kwa mguu, hutumia maji kidogo sana kwa kila mtu. Chukua mtungi wa mafuta ya kupikia wa lita 5. Pasha msumari moto, toboa tundu moja dogo upande wa mbele, sentimita 12 hivi chini ya kifuniko. Pitisha fimbo kwenye mkono wa mtungi na uilaze juu ya miti miwili yenye panda, au kamba imara kati ya nguzo. Toboa kifuniko, pitisha kamba yenye fundo kwa ndani, na ncha ya chini uifunge kwenye kijiti cha kukanyaga. Jaza maji hadi chini kidogo ya tundu. Ukipita hapo yatachuruzika yenyewe mchana kutwa. Tundu likiwa kubwa kuliko msumari wa inchi 3, mtungi huisha kabla watoto wa ploti hawajamaliza foleni. Toboa kipande cha sabuni, kitundike kwa kamba kando.

Kohoa kwenye kiwiko au tishu, kisha itupe. Hanchifu moja ya kutwa nzima mfukoni ni ghala la virusi.

Lala. Katika utafiti wa mwaka 2015, watu 164 walipewa rainovirusi puani kwa makusudi. Waliokuwa wakilala chini ya saa 6 walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata mafua kuliko wale waliolala zaidi ya saa 7. Anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi basi la Kitengela anajua ugumu wa ushauri huu, lakini hakuna kidonge cha duka kinachoukaribia.

Chanjo ya influenza hutolewa kila mwaka na inafaa wazee, wajawazito na wenye magonjwa ya kudumu. Watoto wana ya nimokoka, bakteria wanaoleta nimonia, iliyoanza Kenya mwaka 2011 na hutolewa wiki ya 6, 10 na 14. Haizuii mafua, ila huzuia nimonia inayokuja nyuma yake. Angalia ukurasa wa chanjo kwenye kitabu cha kliniki leo, si siku ya kuugua.

Mtoto arudi shule akiwa amekaa saa 24 bila joto na bila dawa ya kulishusha, na anakula na kucheza. Makamasi pekee si sababu ya kumzuia, la sivyo atakosa muhula mzima.

Kikohozi kikipita wiki 2, kiwe na kohozi au kikavu, pamoja na kutokwa jasho usiku, kukonda au la, nenda kapimwe kifua kikuu. Kipimo na dawa ni bure katika vituo vya umma. Peleka kohozi lililotoka kifuani asubuhi, si mate, na umwambie mhudumu ni lini hasa kikohozi kilianza.